Chembe chini ya upenu: kisa cha ghala la parachichi na ulainishaji usiofuta kingo

Kipande chenyewe ni cha sekunde 8. Ghala la baridi la kuhifadhia parachichi, ambalo bado halijajengwa, limepachikwa juu ya video halisi iliyopigwa kando ya barabara ya Uyole–Tukuyu, karibu na Kiwira, asubuhi ya mawingu. Nyuma kuna Mlima Rungwe uliojifunika ukungu, mbele kuna kiwanja cha udongo wa volkeno na migomba michache upande wa kushoto. Kamera ilikuwa juu ya reli fupi, inateleza pembeni polepole. Ni fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo fremu 200 za pikseli 1920 kwa 1080. Jengo lilirendiwa (yaani picha yake ilikokotolewa) kwa Cycles, injini ya kurenda iliyo ndani ya Blender, programu ya michoro ya 3D, kwenye kompyuta moja yenye kadi moja ya michoro.

Toleo la kwanza lilirudi na swali la mwenye kazi: "Kaka, mbona jengo linafuka moshi?" Na kweli, kuzunguka paa kulikuwa na utando mweusi ulioingia ndani ya ukungu wa mlima, upana wa pikseli nane hivi. Chini ya upenu, mahali ambapo ukuta wa bati unakutana na nguzo za jukwaa la kupakilia, kila kitu kilikuwa kimeyeyuka kama rangi ya maji. Aliyeunganisha picha alikuwa amepambana na chembe, vile vidoa vya bahati nasibu vinavyobaki baada ya kurenda, kwa kuzilainisha zote kwa Gauss, kichujio kinachochanganya kila pikseli na majirani zake bila kubagua. Chembe ziliondoka, na jengo likaondoka nazo.

Chembe zilitoka kwenye tabaka la AO (ambient occlusion), lile linalopima kila sehemu ya uso imezibwa kiasi gani isiione anga. Kwa Nyanda za Juu Kusini tabaka hili si pambo. Asubuhi ya ukungu hakuna jua la kutupa kivuli chenye upande. Mwanga unashuka kutoka anga lote. Kinacholifunga jengo na ardhi ni weusi wa kwenye kona, chini ya upenu na kwenye unyayo wa nguzo. Ukiuondoa, jengo linaelea. Ukiuacha na chembe, kuta zinaonekana zimemwagiwa mchanga unaotembea, kwa sababu kila fremu ina chembe zake.

Tabaka hili lilirendiwa kwa sampuli 16 kwa kila pikseli, ili fremu 200 ziishe kwa wakati. Kila sampuli ni mshale mmoja unaotoka kwenye uso: ama umegonga kitu, ama umefika angani. Pikseli ambayo kweli imezibwa nusu hupata jibu la 0.5 lenye mtikisiko (kiasi ambacho jibu hupotoka kwa kawaida) wa 0.125, yaani mzizi wa 0.25 iliyogawanywa kwa 16. Mtikisiko huo ni mkubwa mno, jicho linauona hata kwenye simu. Ukitaka kuupunguza mara 4 kwa kuongeza sampuli, unahitaji sampuli 256, na muda wa kurenda unapanda mara 16. Juu ya paa, ambako uso unaona asilimia 95 ya anga, mtikisiko ni 0.054 tu. Kwa hiyo tatizo lote lilijikusanya chini ya upenu, na hapo ndipo picha ilipokuwa na kingo nyingi zaidi.

(Kamera ingesimama tuli, mjadala huu usingekuwapo. Jengo halisogei, ungerenda AO ya fremu moja tu kwa sampuli 1,000 na kuitumia kwenye fremu zote 200. Watu husahau kujiuliza swali hili la kwanza kabisa, wakakimbilia vichujio.)

Kwa nini kichujio cha kawaida cha kuhifadhi kingo nacho hakikutosha

Wazo la kulainisha bila kuvuka kingo ni la siku nyingi. Watafiti Tomasi na Manduchi walilipa jina la bilateral mwaka 1998. Kila pikseli huchukua wastani wa majirani zake, lakini jirani hupimwa mara mbili: yuko mbali kiasi gani, na thamani yake inatofautiana na ya katikati kiasi gani. Tuseme kipimo cha tofauti ni 0.1. Jirani anayetofautiana kwa 0.05 anapewa uzito wa 0.88. Anayetofautiana kwa 0.3 anapewa 0.011, karibu na bure. Ukuta mweupe na kivuli cheusi kando yake havichanganyiki, kila upande unalainika kivyake.

Nodi (kisanduku cha hatua moja ya kazi) ya Blender inayoitwa Bilateral Blur ni ya kimkato zaidi. Haina mteremko wa uzito. Inatoa pikseli ya katikati kwa jirani, inajumlisha tofauti za njia tatu za rangi bila kujali alama ya kutoa, kisha inauliza kama jumla iko chini ya kizingiti. Ikiwa chini, jirani anaingia kwenye wastani kwa uzito kamili. Ikiwa juu, anaachwa nje. Matoleo ya zamani yana vipimo viwili vya umbali, na kimoja kinaitwa Iterations. Jina hilo limewapoteza wengi: hakirudii kazi mara nyingi, kinajumlishwa tu na kile kingine kupata nusukipenyo. Ukiandika 10 ukidhani unalainisha kidogokidogo mara kumi, umepanua dirisha.

Jaribio la pili la kazi hii lilikuwa kuunganisha AO kwenye nodi hiyo bila kitu kingine, ili picha ijitafutie kingo zake yenyewe. Haikuwezekana, na hesabu inaonyesha kwamba isingewezekana kwa namba yoyote. Pikseli mbili za ukuta uleule, kila moja ikiwa na mtikisiko wa 0.125, hutofautiana kwa kawaida 0.177. AO ni picha ya kijivu, kwa hiyo njia zote tatu za rangi zina thamani moja na nodi huijumlisha mara tatu: 0.53. Ili majirani wengi wa kweli wakubalike, kizingiti lazima kifike kwenye 1.06 hivi. Lakini mpaka halisi kati ya ukuta uliozibwa na nguzo iliyo wazi ulikuwa 0.3, ambayo kwa kujumlishwa mara tatu ni 0.9. Kizingiti kinachopitisha chembe kinapitisha na mpaka. Ukikishusha hadi 0.4, mpaka unabaki na chembe zinabaki, kwa sababu chembe kali zaidi ndizo zinazojitangaza kuwa ukingo. Matokeo yake ni ukuta laini wenye vidoadoa vikali, ambavyo vinaudhi kuliko mchanga wa mwanzo.

Picha chafu haiwezi kuulizwa mipaka yake iko wapi. Ndiyo maana nodi ina tundu la pili, Determinator, linalopokea picha nyingine ya kuamulia kingo. Wazo hilo liliandikwa mwaka 2004 na makundi mawili ya watafiti kwa wakati mmoja, kwa ajili ya picha za gizani: picha iliyopigwa bila flashi ina rangi nzuri na chembe nyingi, ile yenye flashi ina rangi mbaya na kingo safi, basi ya kwanza ilainishwe kwa kufuata kingo za pili. Sisi wa picha za kompyuta tuna bahati zaidi, kwa sababu programu inajua umbo lote la jengo na inaweza kutoa ramani ya kingo isiyo na chembe.

Kujenga ramani ya kingo

Hapa ndipo kazi ilipokuwa, na hapa ndipo watu wengi huharakisha. Cycles inatoa tabaka la nomali, yaani kila uso umeelekea wapi, na tabaka la kina, yaani uko mbali kiasi gani na kamera. Nodi inasoma njia tatu tu. Ukijumlisha nomali na kina kwenye picha moja, unaweza kupata mahali ambapo tofauti ya nomali na tofauti ya kina zinafutana, na mpaka unapotea bila sababu inayoonekana. Ni heri kupanga: nomali ya X kwenye nyekundu, nomali ya Z kwenye kijani, kina kwenye bluu, kwa nodi za kutenganisha na kuunganisha rangi. Nomali za Cycles hufuata dunia, hazifuati kamera. Ghala ni sanduku: ukuta wa mbele na wa ubavuni hutofautiana kwa X, ukuta na ardhi hutofautiana kwa Z. Y inaachwa.

Kina kina mitego miwili. Kwanza, anga haina umbali, hivyo Blender huandika 10,000,000,000. Ukikigawanya kina chote kwa namba hiyo ili kiwe kati ya 0 na 1, jengo lote linabanwa kwenye upenyo usiopimika. Pili, ardhi. Kamera iko meta 1.6 kutoka chini na lenzi yake inatoa takriban pikseli 2,000 za urefu wa fokasi. Kwenye umbali wa meta 30, kupanda pikseli moja kunakusogeza mbele sentimeta 28. Kwenye meta 50, pikseli hiyohiyo ni sentimeta 78. Kizingiti kinachofaa karibu kinakatakata ardhi ya mbali kwa michirizi ya mlalo.

Dawa ya yote mawili ni moja: tumia 1 iliyogawanywa kwa kina. Uso wowote bapa, uwe ardhi au ukuta wa ubavuni unaokimbilia mbali, hubadilika kwa hatua zilezile za 1/kina kutoka pikseli hadi pikseli. Kwa kamera hii hatua ya ardhi ni 1/3200, popote pale. Na anga inakuwa 0 yenyewe. Kitendo ni nodi moja ya Math ya kugawanya, na nyingine ya kuzidisha kwa 30 ili namba zilingane na nomali.

Sasa kizingiti kinaweza kuhesabiwa badala ya kubahatishwa. Nguzo ziko meta 28 na ukuta nyuma yake uko meta 30. Zote zimeelekea mbele, nomali hazisaidii kitu, kina peke yake ndicho cha kuzitenganisha. 1/28 toa 1/30 ni 0.00238, mara 30 ni 0.071. Ardhi ndani ya nusukipenyo cha pikseli 6 inabadilika 0.056, ndani ya pikseli 3 inabadilika 0.028. Kwa dirisha la 6 unabanwa kati ya 0.056 na 0.071, pumzi hakuna. Kwa dirisha la 3 unaweka 0.05 ukiwa na nafasi pande zote.

Hivyo kikapitishwa kichujio cha nusukipenyo 3 mara mbili mfululizo, nodi mbili, ramani moja ya kingo kwa zote mbili. Kuna faida nyingine mbili. Nodi hii inatoa uzito sawa ndani ya mraba, na mraba mmoja mkubwa huacha mabaka ya pembe nne. Miraba miwili midogo inayofuatana hutoa mteremko. Kisha gharama: mraba wa 6 unasoma majirani 169 kwa pikseli, miraba miwili ya 3 inasoma 98. Kwenye uso mpana mtikisiko wa 0.125 unashuka hadi 0.012 hivi. Kuufikia usafi huo kwa sampuli pekee ungehitaji sampuli 1,700 na zaidi.

Kilichobaki kuharibika

Bati. Kuta za ghala ni za bati la migongo ya mraba, na kila mgongo una uso wa mbele na mabega mawili. Kwenye fremu, uso wa mbele una upana wa pikseli 6 na bega lina pikseli 2. Nomali za mabega zinatofautiana na za uso, kwa hiyo majirani wa bega ni wachache: mstari wa wima, na mabega ya mgongo wa pili kama yamo dirishani. Chembe zikabaki kwenye mabega, nyuzinyuzi za wima zinazochezacheza. Kama migongo imewekwa kwa ramani ya vinundu (picha inayoigiza mabonde na matuta juu ya uso bapa) na si kwa umbo, tabaka la nomali huichukua pia, na tatizo ni hilohilo.

Katika kisa hiki migongo ilikuwa vinundu, basi njia ilikuwa nyepesi. Tabaka la pili la mandhari lilirendiwa likiwa na matirio moja tu ya kijivu kwa kila kitu, bila vinundu, kwa sampuli chache, likatoa nomali za kuta bapa. Mabega yakaungana na ukuta na kulainika. Migongo yenyewe haikupotea, kwa sababu imo kwenye tabaka la rangi. AO haihitaji kuijua.

Uzi kwenye kingo. Nomali za Cycles zimelainishwa kwenye ukingo, kina hakikulainishwa. Pikseli iliyo nusu uso wa mbele wa nguzo na nusu ubavu wake ina nomali isiyofanana na upande wowote, haipati majirani, inabaki na chembe zake. Unaona uzi wa pikseli moja unaometameta kuzunguka nguzo. Usiongeze kizingiti kwa ajili yake, utavunja kile ulichokipata. Pitisha ramani ya kingo kwenye Sobel, kichujio cha kutafuta kingo, fanya barakoa nyembamba, na ndani ya barakoa hiyo tu tumia nodi ya Despeckle, ya kufuta vidoa, juu ya AO iliyokwisha kulainishwa.

Ule moshi wa mwanzo. AO ya anga ni 0, yaani nyeusi. Pikseli ya ukingo wa paa iliyofunikwa nusu na anga ina AO iliyopunguzwa nusu, na Gauss aliusambaza weusi huo. Dawa ni kugawanya AO kwa alfa, yaani kiasi ambacho jengo limeifunika pikseli, kabla ya kulainisha (weka kima cha chini cha 0.001 ili usigawanye kwa 0), kisha kuchanganya: penye alfa tumia AO, pasipo alfa tumia 1, na ndipo uzidishe na picha. Mpangilio huu hautegemei kichujio gani kimetumika. Hata kwa Gauss moshi ungepungua sana.

Weusi wa unyayo. Hapa ndipo mpaka wa mbinu yote. Kichujio kinafuata kingo za umbo, na kivuli kina kingo zake ambazo umbo halizijui. Pale nguzo inapogusa jukwaa, AO inaingia gizani ndani ya pikseli 4 au 5, yote juu ya sakafu moja yenye nomali moja. Ramani haioni kitu, kichujio kinausambaza weusi, na nguzo inaanza kuelea tena. Hakuna kizingiti kinachotibu hili. Kilichofanyika ni kurenda AO mbili: moja ya umbali mrefu, meta 3, inayolainishwa kama ilivyoelezwa, na nyingine ya umbali mfupi, sentimeta 25, kwa sampuli 64 bila kulainishwa. Ya pili ni nyeupe karibu kila mahali. Kazi iko kwenye mistari ya migusano peke yake, ambako jicho husamehe chembe kidogo kwa kuwa ni kweusi na kwembamba. Zikazidishwa pamoja, na nguvu ya ile ndefu ikashushwa kidogo ili kona zisihesabiwe mara mbili.

Kuhusu mpangilio wa kuunganisha: AO inazidishwa kwenye mwanga wa mstari (namba zinazolingana na mwanga halisi), kabla ya kugeuza rangi za kutazamia, na kabla ya ukungu. Ukungu wa Rungwe uko kati ya kamera na jengo. Ukiuweka kwanza kisha ukazidisha AO juu yake, unapaka kivuli kwenye hewa. Faili zote zilihifadhiwa kama EXR (aina ya faili ya picha inayotunza namba kamili) zenye namba, fremu moja moja, maana umeme ukikatika kwenye fremu ya 140 unaanzia hiyohiyo ya 140. Kina kiwekwe kwenye biti 32: EXR ya biti 16 inaishia 65,504, anga inaweza kugeuka isiyo na mwisho, na ukitoa isiyo na mwisho kwa nyingine unapata pikseli zisizo na thamani, ambazo kichujio huzigeuza miraba myeusi.

Wapo watakaouliza kwa nini isitumike nodi ya Denoise, inayoondoa chembe kwa kukisia picha safi. Ilitumika kwenye tabaka la rangi, na ni nzuri. Kwenye AO ya sampuli 16 inayotembea, kila fremu hukisia mabaka yake, na chini ya upenu mabaka yakawa yanachemka. Kichujio cha kawaida hakikisii. Makosa yake yanajulikana na yanakaa mahali pamoja. Kwa picha tuli ningechukua Denoise bila kufikiri mara mbili.

Ikabaki migomba iliyoongezwa kwa kompyuta kando ya ile halisi. Majani yana nomali za kila upande na kina kinachorukaruka, kwa hiyo kila pikseli inajiona peke yake na kichujio hakifanyi lolote zaidi ya kupoteza muda. Ikawekwa kwenye tabaka lake, sampuli 64, bila kulainishwa. Majani yenyewe yana fujo ya kutosha kuficha chembe zilizobaki.